Sungura Hahitaji Mkonga

Imekwisha kuwa kama faradhi katika gereji za Kibondo na Kasulu, na yamkini katika kila pahali ambapo mafundi na vijana hukaa kivulini kuzungumza habari za magari, kuamini kwamba gari dogo livutalo kwa magurudumu yote manne, liwe Suzuki kuukuu au Jimny iliyoshuka juzi kutoka Japani, halistahili kuonja njia mbovu mpaka kwanza liinuliwe, livishwe matairi makubwa kuliko yale liliyotoka nayo kiwandani, lichomelewe bampa la bomba la chuma, na ikiwa mwenyewe bado ana senti mfukoni, litobolewe ubavuni na kutiwa mkonga wa kuvutia hewa. Anenaye kinyume cha hayo huambiwa kuwa ni bahili au ni mgeni wa nchi. Mgeni mimi si, kwa kuwa nimefundisha na kulima Murungu kwa miaka ipitayo umri wa wengi wanaonicheka. Ama ubahili sitaukana, maana ndio ulionifikisha kwenye maarifa haya, baada ya kulipa karo yake kwa fedha taslimu. Dai langu ni kwamba kila shilingi inayotumiwa kulifanya gari dogo lifanane na gari kubwa huliondolea gari dogo ubora wake wa pekee, nao ni wepesi. Na mtu wa mfuko mdogo, ambaye ndiye hasa mnunuzi wa gari dogo, ndiye aliye mbali zaidi na uwezo wa kuistahimili israfu hiyo.

Rai ninayoipinga ina nasaba, na ni insafu kuitaja nasaba yake kabla ya kuishambulia. Baba zetu waliziona Land Rover za mabwana shamba na za misheni, nazo zilikuwa chache na hazikuwa na mapambo, wala hapakuwa na mtu aliyezitazama kwa jicho la kuiga. Yaliyotubadili macho ni mambo ya baada ya Oktoba 1993, wakimbizi wa Burundi walipovuka mpaka kwa maelfu, na ya mwaka 1996, ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu kwa ajili ya waliotoka Kongo. Maana nyuma ya wakimbizi yalikuja mashirika, na pamoja na mashirika zikaja Land Cruiser nyeupe, ndefu, zenye antena zinazopepea mbele kama fito za kuvulia samaki, na lile bomba jeusi linalopanda kando ya kioo, ambalo ndilo lililozipa gari zile jina la mkonga katika Tanzania nzima. Nimesahihisha daftari za darasa la tatu ambamo mtoto aliyeambiwa achore gari alianza na mkonga, kisha akatafuta gari la kuupachika. Mtoto huyo sasa ni fundi, na ukimpelekea Suzuki anafanya vilevile. Ipo methali yetu ya yule amwigaye tembo, methali ambayo haifai kumaliziwa mbele ya wakubwa, nami naiacha hapo njiani, kwa kuwa kila msomaji anajua ni kitu gani hupasuka.

Juu ya hayo zimekuja picha za simuni. Kijana anaona magari ya Rhino Charge ya Kenya, mashindano yaliyoanza mwaka 1989 kwa kusudi jema la kuchanga fedha za kuuzungushia uzio msitu wa Aberdare, anaona vigari vilivyokatwa paa na kuinuliwa hata mbuzi aweza kupita chini bila kuinama, naye anahukumu kwamba hivyo ndivyo gari la porini lilivyo. Sharti la mashindano hayo halisomi. Mshindi ni yule afikaye vituo vyote kwa masafa mafupi kuliko wenziwe katika saa 10 za siku moja, na kwa sababu hiyo dereva hulazimika kupasua moja kwa moja majabali na makorongo ambayo mtu mwenye akili timamu angeyazunguka bila aibu. Tena magari mengi ya namna ile hufika uwanjani yakiwa yamebebwa na hurudi kwao yakiwa yamebebwa. Suzuki ya Murungu hairudi kwa kubebwa. Inarudi kwa magurudumu yake, ikiwa na maharage nyuma, mgonjwa mbele, na kuku wawili chini ya kiti, na kesho yake inatakiwa tena.

Wala sisi hatuna mchezo wa kuiacha barabara. Barabara ndiyo ituachayo. Lami imekwisha kuifikia Kasulu kutoka upande wa Kigoma, na barabara kuu ya kupandia Kibondo nayo imebadilika kwa namna ambayo wazee hawakuitazamia, lakini shule na zahanati, mashamba ya muhogo na magulio ya mpakani havikujengwa juu ya lami. Nchi yetu ni ya migongo na mabonde. Juu ya migongo upo udongo mwekundu, ambao mwezi wa Julai ni mgumu kama tofali na kuanzia Novemba huwa kama sabuni iliyosahauliwa katika karai. Chini mabondeni, kwenye maji yanayotafuta Mto Malagarasi, upo udongo mweusi wa mbuga, ambao haukutelezeshi bali hukushika kifundo na kukuuliza unakwenda wapi. Katikati ya hayo mawili hupita malori ya Fuso yaliyosheheni mahindi, yakichimba mifereji miwili na kuacha tuta katikati. Hiyo ndiyo nchi tunayoizungumzia, na gari lihukumiwe mbele yake, si mbele ya picha.

Nianze na kule kuinua. Suzuki hizi zina ekseli nzima mbele na nyuma, na kwenye kila ekseli lipo bonge la difu, ambalo ni miongoni mwa viungo vilivyo karibu zaidi na ardhi na ndilo linalolilamba lile tuta la katikati. Ekseli hubebwa na magurudumu; kazi ya springi ni kuitenga bodi na ekseli. Kwa hiyo ukiinua springi kwa sentimita 5, bodi hupanda sentimita 5, kiti hupanda, nawe hupanda machoni pa majirani, ilhali difu halipandi hata unene wa ukucha. Nimewaona watu wazima wakilipa fedha, wakatoka gerejini wakifurahi, wakakwama kwenye tuta lilelile walilokwama juzi, tena kwa difu lilelile, na wakashangaa. Kiinuacho difu ni tairi peke yake, nalo huliinua kwa nusu ya kile ulichonunua: Jimny iliyokuja na tairi za 205/70R15, zenye kipenyo cha karibu sentimita 67, ukiivisha 235/75R15 zenye kipenyo cha sentimita 73 na ushei, umenunua sentimita 6 na nusu dukani na umepata 3 na robo porini. Sikatai kwamba bodi iliyopanda huepuka kugusa tumbo kwenye kichuguu, na hutoa nafasi ya tairi kubwa kuzunguka. Lakini gari ambalo ekseli zake zimeachana kwa sentimita 225 tu si gari la kulalia tumbo mara kwa mara. Ufupi wake ulikwisha kuifanya kazi hiyo bure.

Haya sikuyasoma, niliyanunua. Nilikuwa na Suzuki ya zamani, ile SJ410 yenye injini ya sentimita za ujazo 970, iliyonipeleka shuleni na shambani bila malalamiko, mpaka siku niliyomsikiliza fundi mmoja ambaye sitamtaja, kwa kuwa alitenda kwa nia njema na mimi ndiye niliyetoa fedha. Alilizunguka gari mara mbili, akapiga tairi teke, akasema, “Mwalimu, gari hili halina hadhi.” Neno hilo hadhi lilinichoma kuliko kama angaliniambia kwamba halina breki. Nikamwachia gari siku nne. Akaongeza jani moja la springi ya pikapu katika kila fungu, akarefusha shakeli, akanitafutia matairi makubwa yaliyokwisha kutumika, na mbele akachomelea bampa la bomba la maji ambalo watu wawili walilibeba kwa kupokezana. Nilitoka pale nikiwa mrefu kama bwana wilaya.

Mwezi wa Februari uliofuata, asubuhi ya mvua ya kutwa, nilikuwa nashuka bondeni na magunia mawili ya muhogo mkavu, na kwenye kona maji yalikuwa yamekata mfereji wa mshazari kutoka ukingo hata ukingo. Gari la springi laini hulishusha gurudumu moja mferejini na kulikunja jingine kwa utulivu, kama mtu mzima anayeshuka ngazi. Langu lilikataa kukunja goti. Gurudumu la nyuma la kushoto likabaki hewani, likizunguka kwa hasira, na la kulia limekanyaga ardhi bila kufanya kazi yoyote. Maana difu la kawaida lina tabia ya kumpelekea nguvu yule aliye mlegevu na kumnyima mwenzake aliyeshika ardhi. Mbele nako mambo yalikuwa hayohayo kwa upande wa pili. Fo-wili niliyokuwa nikijivunia ikawa haina hata wili moja.

Akatokea mzee mmoja na mjukuu wake, wakisukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi, wakasimama kunitazama kwa adabu.

“Mwakeye, Mwalimu,” akasema kwa Kiha, kisha akahamia Kiswahili, nadhani kwa kuihurumia hali yangu. “Leo gari lako limesimama kama mbuzi anayetafuta majani ya juu.”

“Shikamoo, mzee. Liliinuliwa.”

“Marahaba. Liliinuliwa na nani?”

“Na fundi.”

“Basi ngoja tulishushe.”

Akaiegemeza baiskeli kwenye ukingo, akamwita mjukuu, wakapanda wote wawili nyuma upande wa kushoto na kurukaruka kidogo, gurudumu likagusa udongo, likauma, na gari likatoka. Fedha yote niliyolipa kwa kuinua ilibatilishwa na watu wawili waliokalia pembe moja. Na katika safari ile niliwaza, kwa uchungu wa mtu anayejua hesabu, kwamba kama nisingaliongeza yale majani ya springi, mzee yule asingalikuwa na haja ya kuziacha ndizi zake mvuani.

Kuna taksiri nyingine katika kazi ile ambayo ilidhihiri barabarani. Shakeli ndefu za mbele katika Suzuki za springi za majani huizungusha ekseli kidogo, na uti wa gurudumu uliokuwa umelalia nyuma husimama wima au hulalia mbele. Hapo usukani hupoteza ile tabia yake ya kurudi katikati wenyewe, na gari huanza kutangatanga njiani kama mlevi anayejitahidi kutembea sawa. Jimny ya springi za kuzunguka ikiinuliwa bila kurekebishwa mikono ya ekseli nayo hupatwa na maradhi hayohayo. Mafundi huyatibu kwa kubadilisha beringi, kisha ncha za usukani, kisha rimu, na mwenye gari hulipa kila mara, ila lile neno “tulishushe” halitamkwi na mtu.

Nakuja kwenye matairi makubwa, ambayo yana deni lisiloandikwa kwenye risiti. Injini ya SJ410 ilipotoka kiwandani ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 45, nazo zilihesabiwa katika hewa nzito ya karibu na bahari. Nyanda zetu sehemu nyingi zapita mita 1,200 juu ya bahari na nyingine zakaribia 1,500, na injini isiyo na turbo hupoteza huku juu kadiri ya sehemu moja katika saba ya nguvu zake kwa uchache wa hewa tu, kabla haijazeeka wala kuchakachuliwa petroli yake. Sasa chukua farasi hao waliobaki, uwavike tairi iliyoongezeka kipenyo kwa moja ya kumi: katika kila gia mvuto umepungua kwa asilimia 9, kama vile mtu amekwiba meno ya gia usiku. Mlima uliokuwa ukiupanda kwa gia ya pili sasa waupanda kwa ya kwanza huku klachi ikinuka. Breki zilezile ndogo zinashika gurudumu refu zaidi. Na mshale wa spidi unakudanganya, ukisoma 60 wakati unakwenda 66. Wenzetu wa nchi za nje wakivaa matairi ya namna hiyo hubadilisha pia gia za ndani ya lile boksi la pili ili kuurudisha mvuto, na hiyo ndiyo hesabu iliyokamilika. Sisi tunanunua nusu ya hesabu, nusu ile inayoonekana.

Lakini hoja iliyo nzito kupita zote ni ya upana. Matairi ya kushoto na ya kulia ya SJ410 yameachana kwa kama mita 1.2 tu, na Jimny zilizofuata zimeongezeka kidogo. Mifereji ya Fuso ni mipana zaidi. Kwa hiyo Suzuki haiwezi kukaa ndani ya mifereji yote miwili kama ikaavyo Land Cruiser. Hukaa gurudumu moja mferejini na jingine juu ya tuta, imeinamia ubavu, na yumkini itakwenda hivyo kilomita nzima. Katika mwinamo ule kila sentimita iliyoongezwa juu hufanya kazi upande wa adui. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani liliitangaza Suzuki Samurai, dada wa hizi zetu, kuwa haikubaliki kwa hofu ya kupinduka. Kampuni ikaenda mahakamani mwaka 1996, na wakapatana mwaka 2004. Simwamulii mtu katika shauri hilo. Natazama tu kwamba gari ambalo mabingwa na mawakili walibishana juu yake miaka mingi likiwa katika kimo chake cha kiwandani, fundi wa kwetu hulizidishia kimo mchana mmoja, na juu yake huweka keria ya chuma na magunia ya maharage.

Kuhusu mkonga sitasema mengi, kwa kuwa hoja yake hujimaliza yenyewe. Mkonga wa Land Cruiser una maana, kwa sababu gari lile lina uzito wa tani mbili na zaidi na laweza kukanyaga chini ya mto wenye kina. Suzuki ya kilo 900 haikanyagi. Maji yakishapita milango, na kabla hayajaufikia mdomo wa injini, gari limekwisha kuwa mtumbwi, tena mtumbwi usio na kasia wala nahodha. Mkonga kwenye mtumbwi ni bendera. Bampa la bomba nalo, juu ya springi ya mbele ambayo ilikuwa ikibeba injini ndogo kwa raha, humfanya mnyama aangalie chini daima, na katika tope pua nzito ndiyo inayozama kwanza. Na wale wanaochomelea difu la nyuma ili magurudumu mawili yazunguke kama moja, jambo ambalo tope hulipenda, wajue kwamba lami na udongo mkavu hulichukia: kwenye kila kona tairi moja hulazimika kuburutwa, na siku moja ni fito ya ekseli itakayokatika, mbali na nyumbani, kama desturi ya vyuma vyote.

Nitajibiwa kwamba Suzuki iliyofanyiwa marekebisho iliwahi kupanda mahali ambapo gari jingine lilikuwa halijapata kufika. Ni kweli, na sitaificha hujja hiyo kwa kuwa si yangu. Tarehe 21 Aprili 2007 Wachile wawili, Gonzalo Bravo na Eduardo Canales, waliipandisha Suzuki ya jamii ya Samurai mpaka mita 6,688 kwenye mlima Ojos del Salado, na gari lile halikuwa la kawaida hata kidogo. Ila mtu ajiulize kwa nini watu waliokuwa na uchaguzi wa magari yote ya dunia walichagua hilo. Wangalitaka ukubwa, ukubwa ulikuwapo sokoni. Walitaka kitu chepesi na kifupi, na waliyoyaongeza waliyaongeza kwa ajili ya mlima mmoja. Hata Jeep ya Willys ya mwaka 1941, iliyowafundisha watu wa vita namna ya kupita pasipo njia, ilikuwa na sentimita 203 kati ya ekseli na ekseli, kipimo kilekile cha SJ410, na matairi membamba ya 6.00-16 ambayo kijana wa leo angeyaona haya kuyafunga.

Basi mtu mwenye Suzuki na fedha kidogo afanye nini? Fedha hiyo aishushe chini ya gari kabla ya kuipandisha juu. Apige jeki mbele, ashike gurudumu kwa juu na kwa chini, alitikise: likicheza, beringi za kingipini zimekwisha, na hilo ndilo chimbuko la ule mtetemo wa usukani ambao watu huuita pepo la Suzuki. Aangalie bushi za springi na za mikono, maana gari lililochoka bushi haliendi linakoelekezwa hata likiwa na matairi ya dhahabu. Azizungushe kwa mkono loki za magurudumu ya mbele kama gari lake ni la zamani. Nimekutana na wenye magari waliokaa miaka miwili wakisema fo-wili ya Suzuki ni dhaifu, kumbe loki moja iliganda kwa kutu na gari lilikuwa likivuta kwa nyuma tu. Kisha anunue mita chache za mpira wa petroli, arefushe vibomba vya pumzi vya difu na kuvifunga juu karibu na injini. Kwa kuwa difu lililopata moto likiingia ghafla katika maji ya kijito, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia sili, na mafuta hugeuka maziwa bila mwenyewe kujua. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na hulinda zaidi kuliko mkonga.

Baada ya hapo ndipo aje kwenye matairi, na hapa namruhusu kufanya israfu kidogo: tairi nne mpya zenye kashata nzito, kwa kipimo cha kiwandani au hatua moja juu yake, 215/75R15 kwa mfano, nyembamba kadiri apatavyo. Na kabla ya kulaumu kashata ashike kile kitu cha bure ambacho hakuna gereji inayokiuza, nacho ni upepo. Tairi yenye paundi 26 inagusa tope kwa kiganja. Ukiishusha mpaka 15 inarefuka na kugusa kwa mkono mzima, ubavu unalainika, na kashata zinakumbatia mizizi na mawe badala ya kuyaruka. Jamaa zetu wa Maskati, ambao nasaba yao imepita Unguja na ambao wanasema Kiswahili hata leo, wakienda mchanga wa Sharqiya husimama pale changarawe inapokwisha, wakachutama kila mtu kwenye tairi lake, na hakuna anayeona kwamba amevunjiwa heshima. Gari jepesi ndilo linalofaidi zaidi, kwa kuwa halina uzito wa kulivua tairi kutoka kwenye rimu. Wanaotumia tyubu wasishuke sana. Nami sipendi kushuka chini ya 18 kwenye tyubu, maana tairi huteleza juu ya rimu na kuukata mkia wa valvu, na hiyo ni hasara ya kipumbavu.

Ubaya wake ni kurudisha upepo. Mimi hutumia pampu ya miguu miwili ya baiskeli, ile ya kusimama, na hesabu yangu haijapata kushuka chini ya mipigo tisini kwa tairi moja, katika ukingo wa lami, mbele ya watoto wanaohesabu kwa sauti na kunisahihisha nikidanganya. Wenye mali hununua kipampu cha umeme wa betri. Ni chombo kizuri, na bei yake ni ndogo kuliko ya jani moja la springi.

Yaliyobaki hukaa nyuma ya kiti: kamba nene, jembe lililofupishwa mpini, na kipande cha ubao wa mninga cha kuwekea jeki, kwa kuwa jeki bila ubao katika udongo wa mbuga hujizika yenyewe kwa heshima zote. Na dereva ajifunze kuugusa mguu wa breki kwa kushoto, taratibu, wakati gurudumu moja linapoanza kuzunguka ovyo, ili kulihimiza difu kupeleka nguvu upande wa pili. Inafanya kazi nusu ya mara. Nusu nyingine ni ya jembe.

Suzuki yangu ilishushwa mwezi wa Juni mwaka uleule. Fundi aliifanya kazi hiyo kwa huzuni, akasema nitajuta, na mpaka sasa tunabishana kila nikipita. Bampa lile ni mlango wa zizi la mbuzi. Majani manne ya springi nilimpelekea mhunzi, akayapasha moto, akanitolea mapanga matatu na kipande kimoja akakichukua kuwa ujira. Panga moja limo ndani ya gari chini ya kiti cha abiria, nalo ndilo ninalokatia matawi ya kutandika penye tope.